Ovataimu ya msimu wa korosho usiidai msimu ukiisha

Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba, maghala ya Mtwara, Masasi na Newala hukesha. Karani anaingia saa 1 asubuhi, anatoka saa 2 usiku, na Jumapili anaitwa kwa sababu malori yamepanga foleni. Mwisho wa mwezi mshahara ni ule ule. Wengi husema watadai msimu ukipoa, na hapo ndipo haki yao inapopotea.

Dai la malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Ovataimu ya Oktoba ikikosekana kwenye mshahara wa Oktoba, siku zinaanza kuhesabika hapo. Februari umeshachelewa. Kuongezewa muda huombwa kwa fomu CMA F.2, lakini "bosi aliniahidi" bila maandishi ni sababu dhaifu sana. Kwa aliyeachishwa kazi, dai la kuachishwa lina siku 30 tu.

Sasa hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Angalia vizuri hapo: siku sita za saa 9 ni saa 54, kwa hiyo ukishafanya saa 45 Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi nzima ni ovataimu. Ovataimu yenyewe ni kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne, na siku nzima isivuke saa 12.

Kupata thamani ya saa moja, gawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 195, yaani 4.333 mara 45. Mshahara wa 390,000 unatoa 2,000 kwa saa. Ovataimu ni mara moja na nusu: 3,000. Siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili: 4,000. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5, na kama saa hiyo ni ya ovataimu, nyongeza inapigwa juu ya 3,000, unapata 3,150. Wahasibu wengine hugawanya mshahara kwa siku 30, kisha kwa saa 9. Hiyo inaleta 1,444, na mfanyakazi anapunjwa kila saa. Ikatae.

Walinzi huambiwa zamu ya saa 12 haina ovataimu. Inawezekana, ila kwa makubaliano ya maandishi, siku zisizozidi tano na saa 45 za kawaida kwa wiki. Mlinzi anayefanya zamu hiyo usiku sita kwa wiki ana haki ya kudai.

Ushahidi uandike siku hiyo hiyo: "23/10, saa 11 jioni hadi 2 usiku, kupokea malori mawili, ameagiza msimamizi wa zamu." Piga picha daftari la mahudhurio, tunza hati za mshahara. Mwandikie mwajiri barua yenye hesabu, akusainie nakala. Akinyamaza, jaza CMA F.1, fomu ya kupeleka mgogoro Tume, mpe nakala kwanza, kisha uiwasilishe pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Bila huo shauri linakwama. Usuluhishi una siku 30, ukishindikana shauri linakwenda kwenye uamuzi. Na akikufukuza kwa sababu umedai, sheria haiitambui hiyo kuwa sababu halali: fungua dai la pili ndani ya zile siku 30 za dai la kuachishwa.