Nyongeza juu ya nini?

Wiki iliyopita, kwenye duka la dawa jirani na soko la Majengo, mama mmoja alimwambia muuzaji: "Dada, naomba vile virutubisho vya kutuliza mtoto." Ni mara ya nne nasikia maneno hayo hapa Dodoma, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Virutubisho nyongeza vya madini ni chuma, zinki, magnesiamu na wenzake, vya kidonge au vya maji, kwa mtu asiyeyapata ya kutosha kwenye chakula. Basi.

Kinachonikera ni jinsi neno "nyongeza" linavyomezwa njiani. "Virutubisho" limetokana na "rutuba", na rutuba tumeipokea kutoka Kiarabu, na huko ni unyevu tu. Kwetu imehamia shambani. Mkulima wa zabibu kule Hombolo hamwagi samadi kila mahali, anaangalia kwanza udongo uliochoka. Na nyongeza? Nenda kwa muuza nyanya. Kisado hujazwa kwanza, ukakiona, ndipo unaomba akuongezee. Nyongeza inadai kipimo kiwe kimejulikana. (Wauza nyanya wa Majengo watasema hata hapo nazidisha.)

Hoja yenyewe, kwamba madini humtuliza mtoto, haikutoka hewani. Mwili unahitaji chuma kutengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na umakini. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio la watoto 23 wenye tatizo la kutotulia na kutozingatia. Waliopewa chuma walipata nafuu kiasi. Lakini watoto hao waliteuliwa kwa sababu akiba yao ya chuma ilikuwa imepimwa na kukutwa chini. Zinki nayo ilitia moyo Uturuki na Iran mwaka 2004, ila Marekani, mwaka 2011, kwa watoto 52, haikukishinda kidonge kitupu kisicho na dawa. Zinki ikizidi kwa muda mrefu, huzuia mwili kufyonza shaba. Chuma kikizidi sana ni sumu kwa mtoto.

Kwa hiyo, mama yangu, ombi lako lilikuwa zuri, ila lilitangulia zamu yake. Anza na "naomba mtoto apimwe damu." Na kama hatulii nyumbani wala darasani kwa miezi sita na zaidi, Mirembe, hospitali yetu ya afya ya akili, kuna wataalamu wa mambo hayo, jina lisikutishe. Vidonge utarudi kuvichukua, ikionekana kuna pengo la kujaza.