Tofauti Ipi, Hasa?

Kila ninapofundisha hoja za mlinganisho, yaani zile zinazotetea jambo kwa kulifananisha na jingine, hukutana na jibu lile lile, likitolewa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda: "Huwezi kulinganisha vitu hivi viwili." Ninaweza, na nimekwisha kuvilinganisha. Vingekuwa sawa kwa kila hali, hoja yenyewe isingehitajika.

Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer, akiwafikiria watu waliokuwa wakifa kwa kukosa chakula na matibabu huko Bengali ya Mashariki (Bangladesh ya leo), aliuliza kama mtu anayemwona mtoto akizama katika kidimbwi chenye kina kifupi anaweza kumwacha kwa kuogopa kuchafua nguo; na kama hawezi, vipi tuwaache wanaokufa kwa njaa? Wanafunzi hukimbilia kusema kwamba njaa si maji, na kwamba mtoto yule yuko karibu. Ni kweli, lakini haitoshi tofauti iwepo. Ni lazima ionyeshwe kwamba ndiyo inayoondoa wajibu. Singer mwenyewe aliutaja umbali na kuukataa, kwa hiyo anayeurudia bila kuutetea hajajibu kitu. Anayesema kwamba mtoto huokolewa mara moja na kazi ikaisha, ilhali njaa haina mwisho, huyo ameanza kujenga hoja, nami namsikiliza.

Maonyo nayo hupotoshwa vivyo hivyo. Ukisema kwamba kuruhusu jambo dogo kutafungua mlango wa ovu kubwa, mwenzako huja juu: "Kwa hiyo mimi ni muuaji?" Hakuna aliyemwita hivyo. La kuuliza ni nini kitakachotusukuma kutoka hatua moja hadi nyingine: uamuzi utakaonukuliwa baadaye, mazoea, au faida ya mtu. Pasipo msukumo huo, onyo ni hofu tupu. Wala maafa yasipotokea si lazima onyo liwe lilikuwa la uongo, huenda lilisikilizwa.

Hata hivyo kuna jambo linaloninyima raha, nalo vitabu vya mantiki hulipita haraka. Ili kujua tofauti ipi ina uzito, mtu huhitaji kanuni ya kimaadili, na mara nyingi kanuni hiyo ndiyo inayobishaniwa. Sina dawa ya mzunguko huu, ila huubadilisha mfano kidogo kidogo: namsogeza mtoto hatua mia, kisha kilomita mia, nampa mwokoaji simu badala ya mikono, huku nikiangalia ni wapi msikilizaji anaanza kusita. Mara nyingi umbali haumtikisi hata kidogo. Husita pale ninapowaongeza watazamaji wengine waliokunja mikono, tofauti ambayo hakuwahi kuitaja, na ambayo Singer aliikataa pia.