Kadhi wa Istanbul hakuwa kadhi wa Mombasa

Juzi tena, harusini safari hii, sahani ya pilau mkononi, mtu kanikalia pembeni: "Si wakati wa Ottoman Wakristo na Mayahudi walikuwa na mahakama zao, kadhi hawagusi?" Jamani. Hata nyama sijatafuna.

Najua linatoka wapi. Tumezoea kadhi wa Kenya, ambaye katiba ya 2010 imempa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu tu, tena mpaka wenyewe wakubali kwenda kwake, halafu tunamchukua kadhi huyohuyo tunamkalisha Istanbul, mji mkuu wa Ottoman, dola ile ya Waturuki, mwaka 1600. Yule wa kule alikuwa hakimu wa serikali wa mji mzima: bei za sokoni kwake, mauzo ya nyumba kwake, kesi za damu kwake. Daftari zake zimejaa wasio Waislamu na unawajua haraka tu, kwa sababu Muislamu karani anamwandika "bin" fulani, Mkristo au Yahudi "veled" fulani, maana ni ileile, mtoto wa fulani. Kuna kurasa ni veled, veled, bin, veled mpaka chini.

Padri na rabi waliamua mambo ya watu wao, hilo sibishi. Ila mlango haukufungwa. Binti wa Kiyahudi mwenye kaka, kwa sheria ya kwao harithi, kwa kadhi anapata nusu ya fungu la kaka yake, sasa we unadhani alienda wapi? Muorthodoksi aliyetaka ndoa ya nne, kanisa linagoma, anapiga hodi kwa kadhi. Viongozi wa kanisa walitishia kuwatenga watu kwa ajili hiyo, na hakuna anayetishia kwa jambo lisilotokea.

"Basi walikuwa sawa?" La. Jizya, kodi ya wasio Waislamu, walilipa wanaume wazima wenye uwezo, kuanzia 1691 kwa madaraja matatu, ikafutwa miaka ya 1850 ikarudi na jina la fedha ya kutokwenda jeshini. Mavazi, makanisa mapya, farasi, kote huko vikwazo. Tunapita.

Ninapochoka ni kwenye ushahidi. Mkristo hakubaliwi kutoa ushahidi dhidi ya Muislamu, kweli, na watu wakisikia hilo wanarukia upande wa pili, eti basi Mkristo alikuwa hana lake. Hapana bwana! Ndiyo maana alikuwa anakimbilia kwa kadhi mapema. Akimkopesha Muislamu pesa anaandikisha siku hiyohiyo, majina ya mashahidi Waislamu yanapangwa chini ya shauri, na mkopaji akija kukana hati ipo na mashahidi wanajulikana. Na akishtakiwa yeye, mdai asipokuwa na mashahidi, Mkristo anaapishwa kwa Mwenyezi Mungu aliyemteremshia Isa Injili, Yahudi kwa aliyemteremshia Musa Taurati, akishaapa kesi imeisha hata kama mdai ni Muislamu. Sheria ilimbana, naye akajifunza kupita humohumo.

Halafu kuna ndugu zangu wa madrasa za pwani: "dhimmi diya yake thuluthi," yaani asiye Muislamu anayeishi chini ya dola ya Kiislamu akiuawa, fidia ya damu yake ni theluthi ya ile ya Muislamu. Hiyo ni madhehebu ya Shafii, shehe wangu. Ottoman walihukumu kwa Hanafi, diya ni sawa, na Muislamu akimuua dhimmi kusudi, kwenye vitabu vyao kisasi kinampata.

Sasa na mimi nijishtaki. Daftari zinanionyesha waliofika tu, aliyeogopa au aliyemalizana na padri wake simwoni, kwa hiyo nikisema "walienda sana kwa kadhi" sehemu ya hilo ni macho ya karani, si ya mji. Na karani ana maneno yake ya kukariri. Mke Mkristo anataka talaka, anasamehe mahari yake yote, na limeandikwa "kwa hiari yake". Nimesoma "kwa hiari yake" mamia ya mara, mwandiko uleule umetulia, hakuna hata mmoja aliyelia wala kupandisha sauti. Chini yake inafuata bei ya nyama ya kondoo.