Kuwa solisita wa England na Wales: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tangu tarehe 1 Septemba 2021, njia ya kuwa solisita (wakili anayeshauri wateja na kuandaa nyaraka zao) wa England na Wales si ile ya zamani. Zamani ngazi zilijulikana: shahada ya sheria, kozi ya vitendo vya uwakili (LPC), kisha mkataba wa mafunzo wa miaka miwili. Sasa mamlaka inayowasimamia masolisita, Solicitors Regulation Authority (SRA), inataka mambo manne tu: shahada ya fani yoyote au sifa inayolingana nayo, kufaulu sehemu mbili za mtihani wa kufuzu usolisita (SQE), yaani SQE1 na SQE2, miaka miwili ya uzoefu wa kazi unaotambuliwa (QWE), na mwenendo mwema.

Tatizo ni kwamba mwajiri naye ana masharti yake, na sehemu kubwa ya maneno yanayozagaa inatokana na kuwachanganya hawa wawili. SRA ndiyo inayokuingiza kwenye daftari la masolisita. Mwajiri ndiye anayekupa kazi. Kabla hujalipa ada yoyote, jiulize sharti unaloambiwa ni la nani kati yao.

Dhana: Bila shahada ya sheria huwezi

Unaweza. Mwenye shahada ya historia, uhasibu au kemia anaruhusiwa kukaa kwenye SQE bila kozi yoyote ya kubadilisha fani, na SRA haimdai cheti cha kozi ya maandalizi pia. Kisheria unaweza kujisomea nyumbani na kwenda kufanya mtihani.

Lakini kampuni nyingi kubwa za London bado humtaka asiyesoma sheria apitie kwanza kozi ya kubadilisha fani, PGDL, na mara nyingi humlipia. Sababu yao ni ya msingi: SQE1 inapima mikataba, sheria ya madhara, ardhi, amana, jinai na sheria ya katiba kana kwamba umeshazisoma kwa miaka. Mtu anayeanza kutoka sifuri kwa kozi fupi ya miezi michache hukuta mada kumi na zaidi zimemwangukia kwa pamoja. Kama huna msingi wa sheria, tenga karibu mwaka mzima, si likizo moja.

Dhana: SQE1 ni maswali ya kuchagua jibu, kwa hiyo ni rahisi

Dhana hii ndiyo inayowagharimu watu fedha nyingi zaidi, kwa hiyo tuiangalie kwa karibu.

SQE1 ina karatasi mbili za maarifa ya sheria yanayotumika kazini, FLK1 na FLK2, zinazofanywa siku tofauti. Kila moja ina maswali 180, yaani yote pamoja ni 360. Siku moja hugawanywa vipindi viwili vya maswali 90, na kila kipindi ni saa 2 na dakika 33. Piga hesabu: una dakika moja na sekunde 42 kwa kila swali, bila kitabu. Kila swali lina majibu matano, na mara nyingi mawili au matatu kati yake yana ukweli fulani ndani yake. Unatakiwa kuchagua lililo bora kuliko yote. Jibu likikosewa hukatwi alama, hivyo usiache swali wazi hata moja.

Chukua mfano wa aina ya swali linalokuja. Mume amefariki bila kuacha wosia. Ameacha mke na watoto wawili wazima. Benki alikuwa na pauni 500,000 kwa jina lake peke yake, na nyumba ya pauni 400,000 waliyoimiliki yeye na mkewe kwa aina ya umiliki wa pamoja ambapo mmoja akifa, mwenzake huipata yote. Tukiacha kando kodi na vyombo vya nyumbani, kila mtoto anapata kiasi gani?

Aliyekariri kanuni atakumbuka kwamba mke hupata pauni 322,000 za kwanza na nusu ya kinachobaki, na watoto hugawana nusu nyingine. Akijumlisha nyumba atapata mali ya pauni 900,000, na kila mtoto atampa 144,500. Jibu hilo litakuwa limeandikwa pale pale, likimsubiri. Lakini nyumba haimo kwenye mirathi. Imeshakwenda kwa mke moja kwa moja. Zinazogawiwa ni zile 500,000 tu: toa 322,000, zinabaki 178,000, nusu yake ni 89,000, na kila mtoto anapata pauni 44,500. Sasa mtungaji aongeze sentensi moja, kwamba mke naye alifariki siku 20 baadaye, na kila kitu kinageuka, kwa sababu mwenzi lazima aishi siku 28 ili arithi pale pasipo na wosia. Nyumba ilishakuwa yake. Fedha za benki hazikumfikia kamwe.

Hayo yote ndani ya dakika moja na sekunde 42. Ndiyo maana katika mikupuo kadhaa ya miaka ya karibuni wanaofaulu SQE1 wamekuwa wakizunguka nusu ya watahiniwa, mara juu kidogo, mara chini. Wanaoanguka wengi hawakukosa kusoma. Walisoma kwa kurudia muhtasari badala ya kufanya maswali mengi kwa kupima muda. Kosa jingine ni kudharau mada zinazoonekana ndogo. Hesabu za fedha za wateja na kanuni za maadili huwa zimetawanyika katika maswali mengi, na alama zake ni za uhakika kwa aliyejiandaa.

Dhana: Ukifeli unarudia hadi ufaulu

Hapana. Unapewa nafasi tatu kwa kila mtihani, na zote lazima ziingie ndani ya miaka sita kuanzia siku ulipokaa SQE1 kwa mara ya kwanza. Zikiisha nafasi, unasubiri miaka hiyo sita imalizike, kisha unaanza upya, hata kama SQE1 uliwahi kuifaulu. Kwa hiyo usiende “kujaribu bahati” kwenye mkupuo wa kwanza ili uone maswali yalivyo. Mara ya kwanza lazima ufanye FLK1 na FLK2 katika mkupuo mmoja. Ukifaulu moja na kufeli nyingine, unarudia ile uliyofeli tu.

Dhana: SQE2 ni marudio ya SQE1

SQE2 inapima kazi za mikono ya solisita, na huruhusiwi kuifanya kabla ya kufaulu SQE1, isipokuwa kwa wachache wenye msamaha. Ina vituo 16, yaani majaribio ya kazi moja moja: 12 vya kuandika na 4 vya mdomo. Utamhoji mteja na kuandika muhtasari wa kikao, utatoa hoja mbele ya hakimu wa kuigiza, utachambua jalada, kufanya utafiti wa sheria, kuandika barua na kuandaa nyaraka. Nusu ya alama ni za sheria na nusu ni za stadi. Mwenye sheria nyingi kichwani lakini barua yake mteja haielewi, anapoteza nusu nzima.

Vituo vya mdomo hufanyika England na Wales tu. Anayetoka Nairobi au Muscat aweke nauli, viza na malazi kwenye bajeti yake.

Dhana: Gharama ni ada ya mtihani tu

SQE ilipoanza mwaka 2021, mitihani yote miwili iligharimu pauni 3,980. Tangu Septemba 2025 imefika pauni 4,908: 1,934 kwa SQE1 na 2,974 kwa SQE2. Juu yake kuna kozi ya maandalizi, ambayo bei yake huanzia pauni elfu chache na kuvuka elfu kumi ikiunganishwa na shahada ya uzamili.

Muungano huo una sababu. Mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa England unapatikana kwa shahada ya uzamili, lakini haupatikani kwa kozi ya SQE inayosimama peke yake. Kwa mwanafunzi mwenye haki ya mkopo, kozi ghali inaweza kulipika kwa urahisi kuliko ile nafuu. Kwa mwanafunzi wa kigeni asiye na haki hiyo, faida hiyo haipo. Asiuziwe jina la shahada anayoweza kuishi bila hiyo.

Dhana: Bila mkataba wa mafunzo huwi solisita

Kwa wanaofuata SQE, sharti hili limekwisha. QWE inahitaji miaka miwili ya kazi ya siku nzima, au muda unaolingana na huo kwa wanaofanya siku chache kwa wiki, na unaweza kuikusanya katika mashirika yasiyozidi manne. Kazi ya msaidizi wa sheria inahesabika, kadhalika kliniki ya msaada wa kisheria ya chuo na kujitolea kwenye kituo cha ushauri. Malipo si sharti. Kazi ya zamani inahesabika, na iliyofanyika nje ya Uingereza pia.

Panapoharibika ni kwenye uthibitisho. Lazima uzoefu huo uthibitishwe na solisita wa England na Wales, au na ofisa wa kampuni anayesimamia uzingatiaji wa kanuni. Kama shirika halina solisita, anaweza kuthibitisha wa nje, ilimradi aliiona kazi yako moja kwa moja. Wapo wanaofanya kazi nzuri miezi 18 kwenye ofisi ya mawakili Mombasa au Dar es Salaam, kisha wanagundua hakuna hata mmoja pale mwenye sifa ya kutia saini. Muulize mthibitishaji wako wiki ya kwanza, si mwezi wa mwisho. Weka daftari: tarehe, aina ya kazi, stadi uliyojenga, bila kutaja majina ya wateja. Anayetia saini hasemi kwamba umebobea. Anathibitisha muda, kwamba ulipata nafasi ya kujenga angalau stadi mbili zinazotakiwa, na kama kuna jambo la mwenendo wako linalomtia wasiwasi.

Mikataba ya mafunzo bado ipo, na kampuni kubwa huajiri kupitia kwayo takribani miaka miwili kabla ya kuanza kazi. Nyingi kati yake hazipunguzi muda hata ukija na QWE iliyokamilika. Wana haki hiyo. Ukitaka kampuni kubwa ya London, omba mkataba. Ukitaka ofisi ndogo ya mtaani inayoshughulikia nyumba, ndoa na uhamiaji, njia ya msaidizi wa sheria inakufikisha vilevile.

Dhana: LPC imekufa

Bado. Walioanza shahada ya sheria au kozi ya kubadilisha fani kabla ya Septemba 2021 wanaweza kumaliza kwa njia ya zamani hadi mwisho wa mwaka 2032. Na mwenye LPC aliyekosa mkataba wa mafunzo ana mlango ambao wengi hawaujui: anafanya QWE na SQE2, bila SQE1.

Dhana: Uanagenzi ni wa walioshindwa chuo

Uanagenzi wa usolisita ulianza 2016 na huchukua miaka mitano hadi sita kwa kijana aliyetoka sekondari. Analipwa mshahara, hadaiwi ada, anapata shahada na anafanya mitihani ile ile ya SQE. Ushindani wake ni mkali. Jihadhari na jambo moja: tangu Januari 2026, fedha za serikali kwa uanagenzi wa ngazi ya 7 (inayolingana na shahada ya uzamili), ambayo ndiyo ngazi ya huu, hutolewa kwa wanaoanza wakiwa na miaka 16 hadi 21, isipokuwa makundi machache. Mhitimu wa miaka 24 aliyesoma ushauri wa zamani anaweza kukuta mlango umefungwa.

Dhana: Kosa dogo la zamani lifiche

Usifiche. SRA huangalia hukumu za jinai, udanganyifu wa kitaaluma kama kunakili kazi ya mtu chuoni, na namna unavyosimamia madeni. Kosa dogo lililoelezwa wazi mara nyingi halizuii. Kulificha huchukuliwa kama dalili ya kukosa uaminifu, na hilo ni zito kuliko kosa lenyewe. Mwenye wasiwasi anaweza kuomba tathmini ya mapema kabla hajamwaga fedha zake kwenye mitihani.

Dhana: SQE inakupa haki ya kufanya kazi Uingereza nzima

Inahusu England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria na njia zao. Wala SQE si viza: mgeni anahitaji mwajiri mwenye leseni ya udhamini, na ofisi nyingi ndogo hazina. Mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida haruhusiwi kuvuka saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, kwa hiyo QWE yake itakwenda polepole.

Dhana: Wakili wa Afrika Mashariki anaanza moja

Haanzi. Aliyekwisha kuapishwa kuwa wakili nchini kwake hadaiwi QWE. Anaweza pia kuomba msamaha wa SQE2 kwa kutegemea nchi aliyosajiliwa na uzoefu wake. Msamaha wa SQE1 ni nadra sana, ajiandae kuifanya. Aombe kabla ya kulipia mtihani.

Kinyume chake hakiendi kirahisi hivyo. Solisita mpya wa London hapati kibali cha kusimama mahakamani Dar es Salaam au Nairobi kwa cheti hicho. Tanzania Bara ina mafunzo ya Law School of Tanzania, kisha ombi kwa Jaji Mkuu; Zanzibar ina utaratibu wake; Kenya ina mafunzo ya Kenya School of Law, mitihani ya Council of Legal Education na miezi sita chini ya wakili mlezi. Anayekusudia kurudi nyumbani aandike kwanza kwa mamlaka za huko na aulize shahada yake ya Uingereza itatambuliwaje, kabla ya kuchagua chuo.