Uji wa ulezi na maziwa ya mama

Hapa Uganda, mama aliyejifungua huletewa uji wa ulezi kikombe baada ya kikombe, kwa imani kwamba uji ndio unaojaza matiti. Uji ni chakula chema, na anayenyonyesha anahitaji kula na kunywa vya kutosha. Lakini kinachouamuru mwili utengeneze maziwa ni mtoto kunyonya, kwani titi linaloachwa likiwa limejaa hupunguza kasi ya kuyatengeneza. Kwa hiyo mtoto mchanga anyonyeshwe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku pia, akiwa amepanua mdomo na kidevu chake kikigusa titi. Nawasihi mama wakwe na mashangazi wasikimbilie chupa, maana mtoto aliyeshibishwa kwa chupa hunyonya kidogo, na maziwa huzidi kupungua.