Kitabu cha Katikati cha Marlon James: Ninachokipenda na Kinachonikwaza

Nimesoma Moon Witch, Spider King mara mbili, na mara zote mbili nimekifunga nikiwa na moyo uliogawanyika. Hiki ni kitabu cha pili katika trilojia ya Marlon James, mwandishi wa Jamaika aliyepata Tuzo ya Booker mwaka 2015. Cha kwanza, Black Leopard, Red Wolf, kilitoka mwaka 2019, na hiki kikafuata mwaka 2022. Kazi yangu ni kutafsiri fasihi na kuwafundisha wengine kutafsiri, kwa hiyo nitaanza na lugha, kwa kuwa hapo ndipo kitabu hiki kiliponiteka.

Kwa kawaida kitabu cha pili hupokea kisa pale cha kwanza kilipokiachia. James anarudi nyuma na kuisimulia upya safari ileile ya kumtafuta mtoto aliyepotea, safari ambayo msomaji alikwisha kuisikia kutoka kwa Tracker, mwanamume mwenye pua inayofuata harufu ya mtu hata akiwa mbali, anayehojiwa akiwa kifungoni. Sasa anayesema ni Sogolon, ajuza mchawi ambaye Tracker alituchorea kama mtu asiyeaminika hata kidogo. Jina hilo ni la mama yake Sundiata, mwasisi wa dola ya Mali, na nadhani halikuchaguliwa ovyo: katika masimulizi ya mashujaa mama hupewa kazi ya kumzaa shujaa, lakini hapa mama ndiye anayepewa kisa kizima.

Kisa chake kinaanzia ndani ya kichuguu kikuukuu, anamokaa msichana asiye na jina, ambaye kaka zake wanamlaumu kwa kifo cha mama yao na kumtendea kama mnyama. Kurasa hizo zinamtaja Sogolon kama msichana tu, kana kwamba ni mtu mwingine, na Kiingereza chake kinaviacha vitenzi vingi bila alama ya wakati, kama zisemavyo lahaja za Karibiani. Nililipa darasa langu zoezi la kuandika aya fupi ya Kiswahili kwa mtindo huo, na karibu wote walikimbilia -ka- ya masimulizi: msichana akatoka, akakimbia, akajificha. Sentensi ilikuwa nzuri, tena ya ngano kabisa, na bado haikufaa. Kiambishi -ka- hufunga tukio kwa tukio kama shanga katika uzi, na anayekitumia anajua uzi umeanzia wapi. Sogolon ni mtu aliyeporwa kumbukumbu. Aesi, mshauri wa mfalme, ana uwezo wa kuwafuta watu katika vichwa vya wengine hata wasikumbukwe kuwa waliwahi kuishi, na Sogolon mwenyewe anakuja kupotelewa na maisha yake kwa miaka mingi. Mwanafunzi mmoja akaandika: msichana atoka, akimbia, ajificha. Tuliisoma kwa sauti na darasa zima likanyamaza, maana hapo hapakuwa na jana wala kesho, palikuwa na mwili unaokimbia tu.

Ninachokipenda zaidi ni nusu ya kwanza: kichuguu, kisha kasri la mfalme huko Fasisi, kisha nyumba ya Keme, mpenzi wa Sogolon, anakozaa naye watoto ambao baadhi yao wana asili ya simba. Sehemu hii ya nyumbani ina kelele za watoto, wivu na upole, na sikutarajia kuikuta katika fantasia yenye giza kiasi hiki. Ndiyo inayoufanya ukatili unaofuata uumize kweli.

Kinachonikwaza ni pale safari ya kumtafuta mtoto inapofika. Msomaji wa kitabu cha kwanza anaijua njia hiyo, na tangu sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu kile alikwisha kuambiwa kwamba mtoto amekufa. Baada ya maisha marefu yaliyosimuliwa kwa subira, mwendo unageuka wa haraka, matukio yanarudiwa kwa kufupishwa, na nilijikuta nikilinganisha kauli za mashahidi wawili badala ya kuishi na Sogolon. Mwandishi alilazimika kufika huko, kwa sababu trilojia yake imejengwa juu ya tukio moja linaloonwa kwa macho tofauti, lakini ninaamini mwanamke huyu alikwisha kuwa mkubwa kuliko kazi aliyopangiwa. Kama kingekuwa kitabu kinachojitegemea, ningekimaliza kabla ya safari hiyo kuanza.

Hata hivyo, baada ya kukisoma mara ya pili nilirudi kwenye Black Leopard, Red Wolf na kutafuta kila mahali Sogolon anapotokea. Tracker anamwona akichora alama za nsibidi, maandishi ya kale ya watu wa kusini-mashariki mwa Nigeria, ili kuzizuia roho za waliokufa zisimfikie, na anaisimulia kazi hiyo kwa dharau, kama ushirikina wa bibi kizee. Nilipousoma ukurasa huo mwaka 2019 nilidharau pamoja naye. Safari hii niliusoma polepole, maana nilijua jinsi baadhi ya wale wafu walivyokufa, na walichokuwa wamewatenda wanawake kabla Sogolon hajawafikia.