Jedwali la ugavi na matumizi: hesabu ya taifa inapolazimika kukubaliana

Pato la taifa hupimwa kwa njia tatu. Unaweza kujumlisha thamani inayoongezwa na kila shughuli ya kiuchumi, au kujumlisha matumizi ya mwisho ya kaya, serikali, wawekezaji na wanunuzi wa nje, au kujumlisha mapato ya waliozalisha: mishahara, faida, kodi. Kwa nadharia majibu matatu ni moja. Kwa vitendo, afisa takwimu anayehesabu mavuno na mwenzake anayehesabu matumizi ya kaya hukaa vyumba tofauti, na kila mmoja ana tarakimu yake. Nchi nyingi za Afrika huchapisha pato la taifa likiwa na mstari mdogo chini ya upande wa matumizi unaoitwa tofauti ya takwimu. Mstari huo ndio unaokiri kwamba pande mbili hazikukutana.

Jedwali la ugavi na matumizi ndipo mahali pa kuzikutanisha. Kwa kweli ni majedwali mawili. Yote yana bidhaa na huduma kwenye mistari, na shughuli za kiuchumi kwenye safu: kilimo, usagaji nafaka, ujenzi, uchukuzi na kadhalika. Jedwali la ugavi linaonyesha kila bidhaa imetoka wapi: nani kaizalisha hapa nchini, na kiasi gani kimeagizwa. Jedwali la matumizi linaonyesha imekwenda wapi: imetumiwa na wazalishaji wengine kama malighafi (haya huitwa matumizi ya kati), imeliwa na kaya, imenunuliwa na serikali, imeingia kwenye ukuzaji rasilimali (yaani uwekezaji kwenye vitu vya kudumu kama majengo na mashine), imeuzwa nje, au imebaki ghalani. Kanuni ni moja na haina msamaha: kwa kila mstari, kilichopatikana lazima kilingane na kilichotumika. Na kwa kila safu, uzalishaji ukitoa matumizi ya kati, kinachobaki ni thamani iliyoongezwa, yaani mchango wa shughuli hiyo kwenye pato la taifa.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa hesabu za taifa wa mwaka 2008 unaliweka jedwali hili katikati ya kazi yote, na kwa maoni yangu ndiko linakostahili kuwa.

Tushike mstari mmoja, wa mahindi, kwa tarakimu za kubuni. Tuseme mavuno yana thamani ya shilingi bilioni 600 kwa bei ya shambani, na yaliyoagizwa ni bilioni 50. Lakini mlaji hanunui kwa bei ya shambani. Kati yake na mkulima kuna lori, kuna dalali, kuna muuza nafaka sokoni. Sehemu zao tuseme bilioni 240, na ushuru bilioni 10. Jumla ya ugavi kwa bei ya mnunuzi ni 900. Hizo 240 hazizaliwi upya. Zinaongezwa kwenye mstari wa mahindi na kutolewa kwenye mistari ya huduma za biashara na uchukuzi, ili jumla ya safu ya sehemu hizo za kati iwe sifuri. Ukisahau kuzitoa huko, lori moja umelihesabu mara mbili.

Sasa upande wa matumizi. Viwanda vya unga vinasema vilinunua mahindi ya bilioni 380. Chakula cha mifugo 60, mbegu 20, mahindi yaliyoliwa na kaya bila kusagwa 250, mauzo ya nje 70, yaliyobaki ghalani 20. Jumla 800. Bilioni 100 hazionekani.

Hapa ndipo kazi inapoanza, na ndipo ninapoliheshimu jedwali hili kuliko takwimu nyingine yoyote. Njia rahisi ni kuzitupa bilioni 100 kwenye shehena iliyobaki ghalani, kwa kuwa hakuna anayeihesabu vizuri. Mtu mwenye uzoefu hafanyi hivyo. Anateremka mistari kadhaa chini, hadi mstari wa unga, na kukuta pengo la upande wa pili: kaya zimesema zimekula unga mwingi kuliko unaozalishwa na viwanda, kwa bilioni 80. Mahindi yamezidi, unga umepungua. Kilichokosekana katikati ni mashine ya kusaga ya mtaani, ile ambayo mtu hupeleka debe lake na kulipia kusagiwa tu. Haimo kwenye orodha ya viwanda, haina hesabu za kukaguliwa, lakini ndiyo inayowasagia watu wa kijiji kizima.

Na bado hatujamaliza. Mahindi ambayo mkulima aliyatoa ghalani mwake hadi kwenye mashine hayakupitia kwa dalali. Kiwango cha faida ya wachuuzi kilikuwa kimepigwa kwenye mavuno yote, na kumbe hakikustahili. Tuseme ukisahihisha hilo, ugavi unashuka kwa bilioni 30, na ziada inabaki 70. Unaingiza 70 kama mahindi yaliyosagwa kwa ajili ya kaya, unaongeza 10 ya malipo ya kusaga, na mstari wa unga unapata 80 zake. Mistari miwili imefunga kwa pamoja. Angalia pia kilichotokea kwenye pato la taifa: upande wa uzalishaji, usagaji hauongezi bilioni 80. Unaongeza zile 10 tu, ukitoa dizeli au umeme wa mashine. Katika kazi halisi tarakimu haziingiani kwa usafi huu, maana kuna upotevu baada ya mavuno, kuna magunia yanayovuka mpaka bila karatasi, na kuna makadirio ya mavuno yaliyokuzwa. Lakini namna ya kufikiri ni hiyo hiyo, mstari baada ya mstari, na bidhaa huwa mamia.

Wakati mwingine jedwali hufidia pale ambapo hakuna takwimu kabisa. Ujenzi ni mfano mzuri. Nyumba nyingi Afrika hujengwa na fundi na vibarua wake, bila kampuni. Kumhoji kila fundi haiwezekani. Saruji, hata hivyo, hutoka kwenye viwanda vichache vinavyojulikana, na inayoingia hupita forodhani. Uzalishaji pamoja na uagizaji, ukitoa mauzo ya nje, ndiyo saruji iliyomwagwa nchini, na sehemu ndogo tu huenda kwenye ukarabati. Fanya vivyo hivyo kwa nondo na mabati, ongeza uwiano wa kazi ya mikono, na unapata thamani ya ujenzi ambayo hakuna dodoso lingekupa.

Kwa nini basi jedwali hili halitolewi kila mwaka kila mahali? Afrika Kusini imelizoea. Kwingi linaandaliwa kwa mwaka mmoja tu, mwaka wa kizio, yaani ule ambao miaka mingine hupimwa dhidi yake, kwa sababu linahitaji utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, sensa ya biashara, takwimu za forodha na za kodi, vyote vya karibu mwaka huo huo. Tanzania ilichagua mwaka wa kizio 2015. Kenya ilichagua 2016 ikiwa na utafiti wa kaya wa 2015/16 mkononi. Nchi nyingi zinazotumia Kifaransa hutumia programu ya ERETES, iliyotengenezwa Ulaya kwa ajili ya kazi hii hasa.

Baada ya mwaka wa kizio, uwiano uliopatikana hubebwa mbele. Kama jedwali linasema shilingi 40 kati ya 100 za usafirishaji ni mafuta, matairi na vipuri, basi miaka inayofuata uwiano huo hutumika tena. Mwaka wa pili hauna madhara makubwa. Mwaka wa ishirini unapotosha. Nigeria ilikaa na mwaka wa kizio 1990 hadi Aprili 2014 ilipohamia 2010, na pato la taifa la 2013 likapanda kwa takriban asilimia 89. Simu, filamu na biashara nyingi zilikuwa zimekua bila nafasi yao kwenye uzani wa zamani, yaani sehemu ya uchumi ambayo kila shughuli ilipewa. Ghana ilishapitia jambo la namna hiyo mwaka 2010, pato lake la taifa likapanda kwa takriban asilimia 60.

Wengi walilisoma hilo kama hila ya serikali. Mimi naona tatizo lilikuwa ile miaka ishirini ya kutolitengeneza jedwali upya, ambapo deni, kodi na misaada vilipimwa dhidi ya uchumi mdogo kuliko uliokuwepo. Siku hizi jedwali hilo hilo hutumika kukadiria pengo la kodi ya ongezeko la thamani: linaonyesha bidhaa zipi zimefika kwa mlaji na kwa bei gani, na mamlaka ya kodi inalinganisha na kilichokusanywa. Hesabu hiyo ikifanywa juu ya mstari wa unga ambao mashine za mtaani hazimo, italitafuta pengo mahali ambapo halipo.